Kiyoyozi Kilichoshikwa na Baridi

Lowell, Massachusetts
Mwezi wa saba

Kwa Mama na Baba, kwa Shosho, kwa Shangazi, na kwa kila atakayesomewa barua hii hapo nyumbani Gatongora,

Nimepata habari kwamba huko imesemekana nimenunua friji ya magurudumu, kwamba inatoa barafu usiku na mchana, na kwamba karibu nitafungua duka. Habari hizo zilitoka kwa Baba, zikapita stejini pa boda boda, zikafika kanisani hata kabla ya matangazo. Ndiyo sababu nimeacha kutuma sauti kwenye kikundi cha familia, nikaona heri niandike. Sauti ndefu hakuna anayeisikiliza mpaka mwisho. Mnasikia neno "barafu", mnaizima, mnaanza kupanga nitakavyolipa karo ya watoto wa ukoo mzima. Nilicho nacho ni kiyoyozi, tena kigonjwa.

Najua mwezi wa saba si wakati wa kuwalilia watu wa Ruiru kuhusu joto. Hivi ninavyoandika, ukungu umelala Gatongora mpaka saa nne, Shosho amevaa sweta mbili na koti la marehemu Guka juu yake, na jiko la makaa limehamia sebuleni. (Mama, fungueni dirisha hata kidogo. Ile hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na inaua. Hili silisemi kwa mzaha.) Lakini nyinyi mko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, nami niko kama mita 30 tu, kando ya mto Merrimack, mahali ambapo jua la kiangazi halijui kwenda kulala. Saa mbili na robo usiku bado linachungulia. Hewa nayo imejaa unyevu hivi kwamba taulo ukiianika chumbani jioni, asubuhi unaikuta kama ulivyoiacha.

Siku ile nilipomwambia Mama kwamba joto limefika tisini na tano, alinyamaza, kisha nikasikia ameanza kuniombea. Mama, Wamarekani hupima kwa Fahrenheit. Tisini na tano yao ni 35 yetu. Ni joto la Garissa lenye unyevu wa Mombasa, lakini mimi sifi, nalowa tu.

Nyumba tunayokaa mimi na binti ya Shangazi ni ya mbao, ghorofa tatu, familia moja kila ghorofa. Mitaa ya hapa imejaa nyumba za namna hiyo; nyingi zilijengwa zamani kwa ajili ya watu wa viwandani. Sisi tuko juu kabisa, chini ya paa bapa la lami, na lami hunywa jua kutwa nzima ikalitema usiku. Mnakumbuka kwamba mimi hufanya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, kama Wakenya wengi wa mji huu. Kwa hiyo saa ambayo paa linachemka ndiyo saa yangu ya kulala. Mwenye nyumba naye hataki kiyoyozi cha kuning'inizwa dirishani, eti kitamwangukia mpita njia. Tukabaki na kile cha kusimama chini. Kinanifika kiunoni, kina magurudumu manne, na mgongoni kinatoa bomba nene la plastiki lenye makunyanzi linaloenda kutokea dirishani. Bei yake dola 350. Mama, ambaye hubadilisha dola zangu kuwa shilingi kabla sijamaliza kusema, ameshapata jibu: zaidi ya elfu arobaini na tano. Ndiyo, Mama. Kwa kununua upepo.

Wiki za kwanza tuliishi vizuri. Nilikuwa nikirudi asubuhi nakuta nyumba imepoa, nalala mpaka saa tisa bila kugeuka. Halafu asubuhi moja nikaingia nikakuta mashine inanguruma kama kawaida, taa inawaka, namba ni ileile, lakini hakuna upepo. Nikaweka kiganja mbele ya mdomo wake: pumzi ya mgonjwa. Nyumba ilikuwa inachemka. Nikazunguka nyuma, nikafungua kifuniko cha chujio, nikapiga tochi ndani.

Ilikuwa barafu. Koili nzima ilikuwa imevaa nyeupe, kutoka pembe hii mpaka ile, unene wa kidole. Zile bati nyembamba za alumini zilizopangwa kama kurasa za Biblia hazikuonekana tena. Nikagusa, ngozi ikanata. Nilikuwa nimelowa jasho mpaka kwenye soksi, na mbele yangu kuna barafu ambayo ingetosha kupoza soda za harusi, jasho na barafu katika chumba kimoja. Nikapiga picha, nikawatumia. Hiyo picha ndiyo iliyozaa habari za duka.

Wakati nyinyi mnaandika "Hongera!" na vile viganja vya kupiga makofi, barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka. Mashine hizi zina trei ndogo chini ya kupokea maji. Yangu ilijaa, ikalia, ikajizima, halafu maji mengine yakafuata njia yao, yaani sakafu, na kutoka hapo dari ya jirani. Wa chini yetu ni bibi mmoja Mkambodia. Lowell ina Wakambodia wengi sana, waliokimbilia huku miaka ya 1980 baada ya vita vya kwao, na wamezeeka hapa wakiwa na bustani za mitango uani. Bibi huyu hajui Kiingereza zaidi ya mimi kujua Kikambodia. Alipanda ngazi na bakuli. Akanionyesha maji yaliyomo, akaonyesha dari yake kwa kidole, akaninyooshea mimi kidole, kisha akanikabidhi bakuli. Sijawahi kusomewa mashtaka kwa ufupi namna hiyo. Nikampa mikono miwili, nikainama kama ninavyomsalimu Shosho. Akaelewa. Alirudi chini akarudi tena na mabakuli mengine matatu, matupu, ya kunisaidia.

Sasa nije kwenye ushauri wenu, kwa maana ulikuwa mwingi.

Baba alisema niizime niiwashe. Baba, ushauri huo ndio ulioutoa kwa redio, kwa pikipiki na kwa mlango wa gari la mchungaji, na nakiri kwamba mlango ulifunguka. Huku haukusaidia. Kuzima ndiko kulikoleta mafuriko.

Mama akasema nimwagie maji ya moto. Mama, kile kitu kina stima. Nikimwaga maji ya moto mtaletewa mimi mwenyewe kwenye ndege, na kusafirisha maiti kutoka huku ni harambee kubwa kuliko ya kiyoyozi.

Kaka akaniambia nichukue kisu nikwangue. Kisu! Kaka, umesahau friji ya Mjomba? Ile aliyoinunua Ruiru kutoka kwa mtu anayehama, ili auze maziwa baridi, ikaganda juu, naye akaona kungojea iyeyuke ni kazi ya wavivu. Alipochoma mara moja tu tulisikia *psssss*, mrefu, kama boda boda iliyokanyaga msumari, na nyumba ikanuka dawa. Mjomba akatazama kisu, akatutazama sisi, akasema, "Imepumua." Tangu siku hiyo friji ni kabati la kuwekea unga. Mabomba ya ndani ni membamba na laini, gesi ikitoka imetoka. Kwa hiyo hapana, Kaka, kisu nilikifungia jikoni.

Ndipo Mjomba yuleyule akaniletea fundi. Alimtoa Ruiru, akampa simu, na fundi akaniomba video.

"Geuza simu," akasema. Nikageuza.

"Sogea. Zaidi. Feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Weka simu kwenye kompresa nisikie." Nikaiweka. Alisikiliza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Kisha akashusha pumzi kama daktari.

"Gesi imeisha. Utanitumia mia tano ya kuangalia."

Sitaki mumseme vibaya. Gesi ikipungua, koili huweza kuganda kweli, kwa sababu shinikizo linashuka na gesi inachemkia kwenye baridi kali zaidi, chini ya sufuri. Lakini gesi hii haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka humohumo miaka na miaka. Ikipungua, kuna mahali imetoboka, na kumwagia nyingine bila kuziba tundu ni kulisha shimo. Tena barafu ya gesi pungufu huanza upande mmoja, pale gesi inapoingilia kwenye koili, na kwingine kunabaki pakavu. Yangu ilikuwa imetanda sawasawa kila mahali. Hiyo ni dalili ya ugonjwa mwingine.

Na hata ingekuwa ni gesi, huku huwezi kumwita kijana mwenye mtungi kwenye pikipiki. Sheria yao ya hewa safi inataka kila anayefungua mitambo ya gesi hizi awe na cheti kinachotambuliwa na EPA, idara ya serikali ya mazingira, kwa sababu zikitoroka zinaharibu anga. Kibandiko cha mgongoni mwa kiyoyozi changu kinasema ni R-32, aina ambayo pia inaweza kushika moto. Mtu mwenye cheti hutoza hela ya kuja tu, hata kama atasimama mlangoni na kusema pole. Na mashine ndogo kama yangu nyingi zimechomelewa kabisa kiwandani, hazina hata mahali pa kuunganishia mpira wa kujazia. Gesi ya kwangu ikiisha, hiyo ni sanduku la magurudumu.

Fundi alisema jambo jingine ambalo nimelisikia kwa wengi, kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi. Hakitengenezi chochote. Kinahamisha joto, basi. Kompresa inaikamua gesi mpaka inakuwa moto, gesi inapita kwenye koili ya moto, feni inapeperusha joto hilo nje kwa lile bomba nene. Halafu gesi hiyo, ikiwa imeshakuwa majimaji, inaachiliwa ghafla kwenye koili ya baridi, inachemka, inakuwa baridi mno. Hewa ya chumba inavutwa ipite kwenye koili hiyo, inaacha joto lake hapo pamoja na unyevu, inarudi imepoa. Unyevu unakuwa maji. Mashine nyingi za aina hii huyarushia maji hayo kwenye koili ya moto, yakageuka mvuke yakatokea dirishani. Yakizidi ndiyo yanajaza trei.

Sasa mtaona ajabu yake. Ile koili ya baridi inategemea joto la chumba ili isigande. Joto lisipoifikia, inazidi kuwa baridi, inashuka chini ya sufuri, maji yanaganda papo hapo, barafu inaziba njia ya hewa, hewa inapungua zaidi, barafu inanenepa zaidi. Mimi nilikuwa nachemka kwa joto na mashine, hatua mbili kutoka mlango wa chumba changu, inakufa kwa kulikosa.

Nilikwenda na swali la ugonjwa huo kazini, maana usiku mrefu wa nyumba ya wazee una saa kama mbili ambazo kila mtu amelala. Hapo ndipo niliposoma kwamba huyu mnyama hakubuniwa kwa ajili ya watu. Mwezi kama huu, Julai 1902, kijana mhandisi aitwaye Willis Carrier alichora mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Unyevu wa kiangazi ulikuwa ukitanua karatasi, rangi moja inachapwa leo na nyingine kesho, na picha hazikutani. Karatasi ndizo zilizoanza kupozwa. Watu walikuja baadaye, kwa foleni.

Na kabla ya hapo, mji huu wa jirani, Boston, ulikuwa ukiuza barafu halisi. Frederic Tudor aliikata kwenye maziwa yaliyoganda ya Massachusetts, akaifunika kwa vumbi la mbao, akaipakia melini. Mwaka 1806 alipeleka Martinique, watu wakamcheka. Mwaka 1833 meli yake iliondoka na tani 180 kwenda Calcutta, ikavuka ikweta mara mbili kwa miezi minne, ikafika na tani kama mia moja bado ngumu. Mwaka huohuo, Shosho, Wamarekani walitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Maskati na Unguja, na merikani iliyofumwa huku Massachusetts ikaendelea kumiminika pwani yetu kupitia bandari ya Salem. Kwa hiyo hawa watu walituletea nguo na wakawapelekea Wahindi barafu. Mimi barafu yangu haikuweza kufika jikoni bila kupitia dari ya bibi wa watu.

Turudi kwenye hewa. Niliitoa mashine kwenye stima, nikaiacha na kifuniko wazi kutwa nzima, mataulo chini na sufuria kila mahali. Ile ya mukimo ilikaa mbele kwa heshima yake. Feni peke yake, bila kompresa, huyeyusha haraka zaidi, lakini kwanza nilingoja maji mengi yaishe nisije nikapigwa. Kisha nikavuta chujio.

Shangazi, hapa naomba ukae chini.

Unajua binti yako husuka watu Jumamosi. Anasuka vizuri, wanakuja mpaka kutoka Lawrence. Sebule yetu siku hiyo ni saluni, na nywele za kusukia zinakatwa, zinachambuliwa, zinachomwa ncha, zinaruka. Chujio la kiyoyozi ni wavu mwepesi wa plastiki ambao ukiuinua kwenye mwanga unapaswa kuona upande wa pili. Nilipouinua wangu sikuona dirisha. Ulikuwa umeota blanketi. Nyuzi nyeusi, nyuzi za rangi namba 33, nyuzi chache za zambarau za yule dada aliyekuwa anaenda kwenye arusi, zote zimeshonana na unga wa chapati na vumbi. Nililibandua kwa kipande kimoja, kama kofia. Binti yako alilitazama akasema, "Hii rangi ya 33 siyo yangu, ni ya mteja."

Nikaosha wavu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaukausha kivulini, nikaurudisha. Upepo ukarudi, nami nikalala. Nikawatumia ujumbe kwamba shida imekwisha, Mama akajibu kwa zaburi.

Baada ya muda mfupi ikaganda tena.

Safari hii nilimkamata binti ya Shangazi na namba. Mashine yetu inashuka mpaka 61 ya Fahrenheit, yaani 16, na yeye huiweka hapo kila anapoigusa. Anaamini kwamba ukiiandikia namba ndogo itaogopa ikimbie. Nimemweleza mpaka koo limekauka: kompresa ya mashine yetu ina mambo mawili, kufanya kazi na kulala. Kwenye 61 haipozi haraka kuliko kwenye 75; tofauti ni kwamba haipati ruhusa ya kupumzika. Sasa usiku ule mvua ya radi ilipita, nje kukapoa mpaka 60, mimi niko kazini, yeye amejifunika duveti, na mashine inaendelea kunyonya hewa ambayo tayari ni baridi, ikitafuta joto ambalo hakuna. Ikaganda. Nje ya dirisha kulikuwa na upepo mzuri wa bure wa Mungu, kama wa Gatongora baada ya mvua, ila dirisha limefungwa kuzunguka bomba kwa gundi.

Na lile bomba, nisiwafiche, ni la kihuni kidogo. Kila hewa inayotupa nje inatoka chumbani mwetu, na hewa haiachi pengo. Nyingine inaingia kupitia chini ya mlango, kwenye nyufa, kutoka ngazini, tena ya moto. Kwa hiyo mashine inafukuza joto dirishani huku ikilikaribisha mlangoni. Wenye akili huuza zenye mabomba mawili, moja la kuvutia na moja la kutolea. Bei yake nisiiandike, Mama atapiga hesabu.

Tukakubaliana, kwa kupiga kelele, kwamba namba ni 74, na nje kukipoa inazimwa na dirisha linafunguliwa. Nikasema basi, sasa imepona.

Jumapili wakaja watu wa kanisa. Wanakuja kwa zamu, nyumba hii wiki hii, nyumba ile wiki ijayo, na chai inakuwa nyingi kuliko maombi. Siku hiyo niliamka katikati ya ibada kwa sababu ya joto, nikatoka chumbani na leso kichwani, nikasikia mngurumo ule ninaoujua. Sebule ilikuwa imejaa wamama wanaojipepea kwa vitabu vya nyimbo. Nikapita nyuma ya mchungaji nikiomba radhi, nikaenda kutazama mgongo wa mashine.

Mama, nitasema polepole.

Unakumbuka vile vitambaa ulivyofuma, vya uzi mweupe, vya mtindo wa nanasi, ukavitia wanga vikasimama, ukamkabidhi yule mama aliyekuwa anasafiri kuja arusini? Vilifika salama. Vya makochi viko kwenye makochi. Cha runinga kiko kwenye runinga. Kile kikubwa cha mezani, chenye pindo refu, binti ya Shangazi alikiona kikubwa mno kwa meza yetu, na aliona haya wageni wakikuta sanduku la plastiki limesimama uchi sebuleni. Akalivisha. Mbele kinaishia vizuri juu ya vibonyezo. Nyuma kinashuka mpaka katikati, na nyuma ndiko mashine inakopumulia.

Hakikuning'inia tu. Kilikuwa kimevutwa kikang'ang'ania zile nyufa za plastiki kama ngozi kwenye ngoma, na kila nanasi ulilolifuma lilikuwa limejichora kwa vumbi na nywele. Nilipokibandua, mashine ilivuta pumzi kwa sauti mpaka mchungaji akageuka. Mama mmoja akaushika upande wa pindo akauliza nani amefuma. Nikasema ni mama yangu, wa Gatongora. Akasema kazi safi. Wengine wawili wakataka namba yako ya simu, na mmoja akauliza kama unaweza kufuma vya viti vya gari. Kwa dakika kama kumi hakuna aliyekumbuka joto wala barafu.

Naandika haya kwa heshima zote. Kitambaa hakina kosa. Vitambaa vyako vimefunika redio, friji ya Mjomba, na ile kompyuta ya Kaka iliyokuwa haifanyi kazi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicholalamika, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kinahitaji kupumua. Hiki cha kwangu kinahitaji. Kitabu chake kinataka kikae mbali na ukuta nusu mita, kisizibwe mbele wala nyuma, chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili. Kwetu ni kila Jumapili asubuhi, kwa sababu ya Jumamosi. Nimelibandika tangazo hilo ukutani kwa Kiswahili na kwa Kikuyu ili binti ya Shangazi asiseme hakuelewa.

Tangu hapo hakijaganda. Bibi wa chini amerudishiwa mabakuli yake, nami nikaweka chapati kwenye moja. Alileta maembe mabichi yaliyokatwa, na chumvi ya pilipili pembeni, kama yanavyouzwa Mombasa. Nilikula yote nikiwa nimesimama.

Mama, nimepata ujumbe wako wa jana kwamba utafuma kingine, chenye matundu makubwa. Asante. Nimepima. Juu ni sentimita 42 kwa 36. Mbele kiache vidole vitatu, kuna mdomo unaofunguka na kufunga. Nyuma kisishuke kabisa, hata ukiona pindo linapendeza. Pembeni unaweza kuweka nanasi moja moja. Uzi usiwe mweupe.

Wasalimie wote. Mwambie Shosho aniombee mvua.

Mtoto wenu.

Tena: Baba, mpe yule fundi mia mbili. Aliuliza kama feni inazunguka, na kati ya maswali yote niliyoulizwa hilo ndilo lililokaribia. Na Mjomba asithubutu kumpa mtu mtungi wa gesi aniletee mwezi wa nane. Nimesikia ameshaununua. Hauruhusiwi ndegeni, na yule atakayeubeba ni mtoto wa watu.